Nyuki Niliowapeleka Mtihanini

Namshukuru Mungu anayenivumilia hadi uzee huu. Usharika wetu wa Nyabiyonza uliruhusiwa kupeleka mtu mmoja tu kwenye mtihani wa Kiingereza, akifaulu akasome ng'ambo. Mwalimu Anastela, aliyestahili, alinipisha mimi mchungaji wake. "Wewe ni baba yetu, nenda," alisema.

Nilijiandaa kama tulivyojiandaa zamani kwa kipaimara, ambapo mchungaji akiuliza swali la kwanza, unatoa jibu la kwanza. Kitabu changu cha mazoezi kilikuwa na habari ya nyuki. Nilikariri majibu yake yote na msamiati wake, nikiyatamka hata shambani nikipalilia migomba, nikajiona msomi.

Huko Kayanga, kwenye mtihani, nilipewa karatasi yenye habari ya kusoma, nikaulizwa swali la kwanza. Nilijibu kwa sauti ya mimbarini. La pili vivyo hivyo. Msimamizi akavua miwani.

"Mzee wangu, habari hii ni ya mafuriko. Hawa nyuki wametoka wapi?"

Nilitoka nimeinamisha kichwa. Anastela alikuwa akinisubiri nje, akapiga goti.

"Shikamoo baba. Tumefaulu?"

"Marahaba, mwanangu. Nafasi yako nimeipoteza."

Akainuka, akatangulia njia ya nyumbani. Nawe usomaye, Bwana akujalie amani ambayo mimi bado naiomba.