Mama Nusu na Shingo Yake

Pale mapokezi kwenye kliniki ya ngozi wateja walimwita mhudumu Mama Nusu, na hawakumsingizia. Daktari alimpitishia mashine ya leza upande wa kushoto tu: makovu ya chunusi za ujana yakafutika, makunyanzi yakaaga. Upande wa kulia akauacha na mikunjo yake yote. Mteja akiuliza kama matibabu yanafanya kazi, Mama Nusu aligeuza uso huku, akageuza kule, biashara ikaisha. Tangazo lenye miguu, tena linalopika chai.

Nyumbani, mumewe fundi baiskeli hakuwa na huruma. "Leo nalala upande wa mama au wa binti?"

"Lala sakafuni."

Masihara hayo alishayazoea. Kilichomkosesha raha ni harusi ya bintiye wa pekee. Picha itundikwe sebuleni miaka na miaka, yeye aonekane kama ukuta uliopakwa rangi nusu, fundi akatoroka? Thubutu! Akamwendea daktari.

"Nimalizie upande wa pili."

"Mama, utaniulia biashara. Subiri kidogo."

"Nimesubiri vya kutosha."

Siku hiyohiyo akageuza kiti. Kila aliyeingia alikutana na upande wa kulia, umekunjwa makusudi, na aliyeuliza alijibiwa kwa upole, "Ndiyo, nilitibiwa hapahapa." Wateja wakaanza kuishia mlangoni. Daktari akanywea, akawasha mashine.

Uso ulivimba, ukaiva, ukachunika. Akajifungia ndani akikwepa jua, akijipaka mafuta na kumtukana daktari kwa zamu. Harusi ilipofika, uso ulikuwa mmoja, laini kabisa. Shingo, ambayo hakuna aliyekumbuka kuitibu, aliizungushia skafu ya hariri.

Ukumbini alitembea kwa maringo. Mpiga picha akawa anapanga watu. "Dada wa bibi harusi, sogea pembeni kidogo. Namtaka mama."

Dada! Moyo ulimruka kwa furaha. Akasogea kwa madaha, akimtafuta mumewe naye asikie. Alipogeuka, bibi harusi alikuwa ameinama akirekebishiwa shela, na ubavuni mwake amesimamishwa mama mdogo, makunyanzi yake halali usoni, macho kayakodoa. Kamera ilishainuliwa.

"We! Mama ni mimi!"

Mpiga picha akacheka. "Dada, usitanie, muda unakwenda."

Mtoto amembeba yeye, amemlea yeye, halafu aachwe nje ya picha kwa sababu ya ngozi? Akaing'oa skafu mbele ya ukumbi mzima.

"Haya, tazama shingo! Hii ni ya dada?"

Watu wakaangua kicheko, mumewe akiwaongoza. Bibi harusi akamshika mkono, akamvuta karibu. "Mama, basi vaa skafu yako," alimnong'oneza.

"Siivai," alisema, akainua kidevu zaidi. "Piga picha, wewe."