Siku Lokule Alipokataa Chai ya Rosa

Natale Lokule hakujua kupika. Mkewe Paska, alipokuwa hai, hakumruhusu hata kukoroga ugali. Alisema mkono wa fundi unanuka mafuta ya mashine. Vita vilipofika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1979, wawili hao walikimbilia Zaire wakiwa na cherehani moja na godoro, na huko Paska akaugua homa, akafa. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Watu walipoanza kurudi kwao, Lokule alirudi peke yake. Hakwenda kwa ndugu zake kijijini Lurujo, maana kila mmoja pale alikuwa anaanza upya na nyumba zilikuwa zimegeuka vichaka. Alipanga chumba mjini Arua, akaendelea na kazi aliyoijua, kutengeneza cherehani za mafundi nguo, na siku za soko alipanda lori kwenda Koboko kufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo hoteli ndiyo ikawa jiko lake. Asubuhi chai na mandazi, mchana ugali, jioni chochote kilichobaki kwenye sufuria za watu. Kati ya hoteli zote alizokula, aliyoihesabu kuwa nyumbani ilikuwa ya Rosa Kiden, pale Koboko, kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili marefu na pazia la maua mlangoni. Rosa alikuwa wa ukoo wa Paska, akimwita Lokule shemeji. Kule Zaire, wiki zile baada ya mazishi, Rosa ndiye aliyekuwa akimletea chakula na kukaa hadi amemaliza.

Siku ya soko Lokule alikula pale pamoja na wenzake wawili: Sule, muuza spea za baiskeli, na mzee Severino, aliyepiga tarumbeta jeshini zamani na bado akitembea kama anaongoza gwaride. Walikula sahani moja. Ugali wa muhogo na mtama uliwekwa katikati, samaki mkavu aliyepikwa kwa ufuta pembeni, mikono mitatu ikaingia. Severino alisimulia, Sule alimpinga, Lokule alicheka huku akiwamalizia minofu. Halafu chai, ambayo Rosa aliichemsha yote pamoja, maji, maziwa, majani na sukari, mpaka ikawa nzito midomoni.

Mwaka 1992 Lokule alianza kupatwa na kiu isiyoisha. Alikunywa mtungi mzima na bado ulimi ulikuwa mkavu. Alikojoa usiku kucha, suruali zikamlegea kiunoni, na jambo lililomtisha kuliko yote, tundu la sindano likaanza kumpotea machoni. Alikwenda hospitali. Muuguzi aliyemhudumia aliitwa Celestina, mama mnene mwenye sauti ya chini. Walipima mkojo, wakapima damu, kisha Celestina akamkalisha.

"Mzee, una sukari. Na presha imeanza kupanda."

Alimpa vidonge, akamweleza masharti. Sukari basi kabisa. Soda basi, pombe basi, mandazi basi. Ugali usizidi ngumi yake. Maharage ya kuchemsha, mboga za majani, nyama isiyo na mafuta, chumvi ya kuonja tu. Na ale kwa saa, asiruke mlo.

"Nyumbani nani anakupikia?"

"Mimi nakula hotelini."

"Basi utapata taabu," akasema Celestina.

Taabu ilianza siku ile ile. Aliingia hoteli moja karibu na stendi ya malori, akaomba chai isiyo na sukari. Msichana wa kuhudumia, Drateru, alidhani hakusikia vizuri.

"Chai iko na sukari tayari, mzee. Inapikwa hivyo."

"Basi nipe ya maji na majani tu."

"Niwashe jiko lingine kwa ajili ya mutu moja?"

Alikunywa maji. Kwingine aliomba maharage yasiyokaangwa, mpishi akatoka jikoni kuja kumwangalia sura. Kwingine waliahidi, "ndiyo, ndiyo, hakuna mafuta," na sahani ikaja ikielea mafuta. Ugali ulikuja kama kichuguu; alimega sehemu yake, akaacha uliobaki, na mwenye hoteli akasimama juu yake kuuliza chakula kina kasoro gani. Lokule akajifunza kwenda saa ambazo hoteli ni tupu, akakaa akitazama ukuta, akala haraka kama mtu aliyeiba.

Angeweza kusema ukweli. Lakini fundi anayesemwa kuwa macho yanamwisha, nani atampa cherehani yake? Tena watu walisema sukari ni ugonjwa wa wakubwa, wa wenye magari na matumbo. Aliona aibu kuutaja akiwa na viatu vya tairi miguuni. Akanyamaza.

Kwa Rosa ndiko kulikomshinda kabisa. Mara ya kwanza alisema ameshiba, amekula njiani. Mara ya pili alisema tumbo linamsumbua. Severino na Sule walikula, yeye akakaa pembeni mikono mapajani. Rosa aliondoa kikombe chake kilichojaa. Soko lililofuata Lokule alikuwa na njaa kweli na miguu ikimtetemeka, akafanya kosa ambalo hakulijua kuwa kosa: alitoa mfukoni kopo la maharage aliyochemshiwa na jirani yake wa Arua, akalifungua juu ya benchi la Rosa, akala.

Watu waliacha kula, wakamwangalia.

Hakujua kwamba wiki ile mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo, Zaire, alikuwa amekufa ghafla sokoni Koboko, na watu walikuwa wakiulizana amekula wapi. Sasa walimwona shemeji wa Rosa mwenyewe, mtu aliyekula pale miaka yote, anakuja na chakula chake kwenye kopo. Mwanamume mmoja aliiacha sahani yake nusu, akaondoka, na mwingine akamfuata.

Soko lililofuata Lokule alikuta mabenchi ya Rosa karibu matupu. Sule na Severino walikuwapo, na wapagazi wachache waliokuwa wakinywa maji tu. Alipoingia, Rosa alitoka nyuma ya pazia la jikoni akifuta mikono.

"Shemeji, karibu. Leo umekuja na kopo?"

"Dada Rosa, hapana, mimi—"

"Ngoja. Nataka uniambie mbele ya hawa watu. Mimi iko na sumu?"

"Mungu wangu, nani amesema?"

"Wewe! Mdomo wako haikusema, lakini kopo yako imesema. Watu hawaji tena. Wanapita hapo mlangoni wanaangalia chini." Sauti yake ilipasuka. "Zaire nilikulisha na mkono wangu. Paska amelala kaburini, mimi nakuletea chakula. Siku ile nilikuwa na sumu?"

Lokule alifungua mdomo kusema ukweli. Neno lilifika kooni. Pale mlangoni, nje kidogo, walikuwa wamesimama mafundi nguo wawili, wateja wake, wakisikiliza, naye akalimeza.

Rosa aliingia jikoni, akarudi na sahani kubwa na kikombe cha chai. Akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akatafuna mbele ya wote. Akanywa funda la chai. Kisha akamsukumia.

"Kula."

Lokule alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, na vidonge vilikuwa vimemwishia siku kadhaa nyuma. Hospitali walimwambia asubiri vingine. Alijua chakula kile kingemdhuru. Alikaa chini, akanawa, akala. Alikula ugali wote, samaki wote na mafuta yake, akanywa chai, na Rosa alipojaza tena akanywa tena. Watu waliokuwa nje waliingia mmoja mmoja. Mtu akaagiza chakula. Severino alimpiga begani, akacheka, "Sasa ndiye Lokule wetu!" Na kusema kweli, katikati ya hofu ile, Lokule alifurahi. Utamu ulimjaa mdomoni, bega la Sule lilikuwa limegusana na lake, na kwa muda ule mfupi alikuwa mtu kati ya watu.

Lori la Arua lilimwacha, kwa hiyo alilala kwa Sule. Kulipokucha hakuweza kuinuka. Alitapika, akaomba maji, akatapika maji. Macho yaliona ukungu. Sule alimpandisha nyuma ya baiskeli, akamshika kwa mkono mmoja huku akiisukuma hadi zahanati, na njia nzima watu waliuliza kuna nini. Sule hakujibu, lakini kulikuwa na haja gani ya kujibu? Walimwona Lokule jana akila kwa Rosa.

Akiwa kitandani, alisikia makelele ya mbali kama ya mnada. Sule aliingia mbio.

"Watu wamejaa kwa Rosa. Wanasema wanavunja kibanda. Lokule, niambie, ulikula kitu gani?"

"Sukari," akasema Lokule.

"Sukari gani?"

"Ugonjwa wa sukari, Sule. Niko nao muda sasa. Muuguzi amenikataza vitamu. Rosa hana kosa. Nenda uwaambie! Waambie wote, waambie na mafundi."

Sule alimtazama kama anamwona mara ya kwanza, kisha akakimbia.

Mganga wa zahanati alithibitisha, Severino akasimama mlangoni kwa Rosa na kuwatangazia watu kwa sauti yake ya gwaride. Mabati mawili yalikuwa yameshang'olewa na sufuria zimemwagwa. Wengi waliamini, wakaenda zao bila kuomba radhi. Wengine walisema hadithi ya sukari imetungwa ili kumlinda mwanamke.

Rosa alikuja kumwona siku iliyofuata. Hakukaa. Alisimama mguuni pa kitanda, khanga imefungwa vizuri, mikono mitupu. Ilikuwa mara ya kwanza Lokule kumwona akija kwa mgonjwa bila chakula.

"Ungeniambia, shemeji. Ningekupikia peke yako. Sufuria ndogo tu."

"Niliona aibu."

"Aibu," Rosa akarudia. Akamtakia kupona, akatoka.

Hakufungua hoteli tena. Mabati yake aliyauza, na baadaye ikasemekana anapikia wachimba dhahabu upande wa Zaire. Lokule alimtumia salamu kupitia kwa madereva. Kama zilifika, hakupata jibu.

Alipona kwa kiasi chake. Macho yalitulia kidogo alipoanza kufuata masharti, na mafundi hawakumkimbia kama alivyoogopa. Walimpa kazi, wakawa wanamtungia uzi wenyewe. Aibu yote ile ilikuwa ya bure. Jambo hilo lilimuuma kuliko kidonda.

Sule na Severino walihamia hoteli nyingine, na hapo ndipo upweke wake ulipokamilika, tena kwa wema. Kwa kuwa sasa walijua, hawakutaka kumtamanisha. Wakawa wanakula mapema, kabla lori la Arua halijafika, ili akija akute meza imefutwa. Siku moja lori liliwahi. Lokule aliingia akawakuta mikono kwenye sahani. Sule alishtuka, akaacha tonge. Severino akavuta sahani kando kana kwamba ni kitu cha aibu.

"Endeleeni, jamani," Lokule akasema. "Endeleeni, mimi nawatazama tu."

"Tumemaliza," Sule akasema, na bado ugali ulikuwa unatoa moshi.

Lokule alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka waliponawa. Kisha wakaongea habari za bei ya spea, habari za Sudani, habari za mvua. Hakuna aliyesimulia tarumbeta.

Alinunua sufuria, mwiko na jiko la mkaa, akajifundisha kupika akiwa mtu mzima wa mvi. Aliunguza, akarudia. Alipima ugali kwa ngumi yake. Kwa desturi ya kwao alikula mlango ukiwa wazi, na kila aliyepita uani alimwambia karibu chakula. Wapangaji wenzake walijibu kwa adabu kwamba wameshiba. Wote walijua maharage yake hayana chumvi.

Mchana mmoja wa mwaka 1997 jirani mpya, bibi aliyeitwa Viktoria, aliyekuwa amerudi kutoka Sudani na kupangishiwa chumba cha pembeni, alipita na ndoo ya maji. Lokule akasema karibu kama kawaida, tonge likiwa tayari njiani kwenda mdomoni. Yule bibi aliweka ndoo chini, akaingia, akanawa, akakaa mkekani, akanyoosha mkono.

Alitafuna mara moja, akaacha kutafuna.

"Nani amepika hii?"

"Mimi."

"Mbaya sana," akasema, na akamega tena.

Walikula hadi sahani ikaisha. Ilikuwa haimtoshi mtu mmoja, na Lokule alikuwa na njaa jioni yote, lakini hakupika kingine. Mwezi haukuisha mtoto wa Viktoria akaja kumchukua, akampeleka kwake Kuluba, chumba kikapangwa na kijana wa kazi za usiku aliyelala mchana kutwa. Lokule aliendelea kupika saa sita, kufungua mlango na kusema karibu kwa waliopita.