Tonton Salumu Aliyechelewa

Karatasi za Kiingereza zilinuka wino na mafuta ya taa. Zilitoka kwenye mashine ya kunakilia iliyokuwa ofisini kwa mkuu wa shule, bado zina unyevu, na mwalimu alipozigawa kila mmoja wetu aliinusa ya kwake kabla ya kuisoma. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa tatu wa sekondari, katika shule moja ya Makiso, mjini Kisangani. Kila asubuhi tuliimba na kupiga makofi mbele ya bendera kwa ajili ya Chama na Kiongozi, kisha tukaingia darasani tukiwa tumeshachoka. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, nyumbani tulisema Kiswahili, sokoni tulisema Lingala. Kiingereza hakikuwa na mahali pake. Sikumjua mtu hata mmoja aliyewahi kukitumia kuomba maji ya kunywa.

Mwalimu wetu, citoyen Bolamba, yaani raia Bolamba, kama Chama kilivyotutaka tuitane, alikuwa mtu wa Isangi, mrefu, mpole, mwenye abacost moja ya kijivu, suti ile isiyovaliwa na tai. Somo alilolipenda kuliko yote ni ufahamu: kifungu cha habari juu, maswali kumi chini. Alitufundisha njia yake mapema. “Mukamate neno ya swali,” alisema, “mulitafute mule ndani ya texte, kisha mukopie phrase yote.” Njia hiyo niliishika kuliko wenzangu. Kulikuwa na kifungu juu ya mkulima mmoja wa Ulaya aliyekwenda sokoni na mbwa wake siku ya mvua. Swali liliuliza kwa nini alikuwa “late”. Nikalisaka neno hilo, nikalikuta kando ya mvua, nikanakili, nikapata alama zote. Katika daftari langu nikaandika kwamba “late” ni kuchelewa. Mbwa alikuwa anafanya nini ndani ya gari la mkulima sikuelewa, na kwa kuwa hakuna swali lililomhusu mbwa, sikujisumbua.

Papa alikuwa karani bandarini, na sifa zangu za Kiingereza alizitembeza mtaa mzima wa kwetu Kabondo. Kwa hiyo barua ya Uganda ilipofika kwenye sanduku la posta la ofisi yao, hakumtafuta mtu mwingine. Alirudi nayo nyumbani alasiri, akaketi uani bila kuvua viatu, akaniita. Mama aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Koko, mama yake papa, ambaye tulimwita hivyo kama watoto wote wa mji ule wanavyomwita bibi, alisogeza mkeka wake karibu. Wote tulijua barua ya Uganda maana yake ni nini. Tonton Salumu, mdogo wake papa, alikuwa amefuata malori ya mashariki kabla sijaanza shule, na habari ya mwisho iliyotufikia ni kwamba alipata kazi huko katika kiwanda cha pamba. Tangu hapo Koko alikuwa akimtaja kila siku katika dua zake, bila kujua anamwombea wapi.

“Bon, Mwamini, soma,” papa alisema.

Nilisoma kwa sauti, kwa matamshi ya citoyen Bolamba. Ilikuwa barua fupi, imepigwa kwa taipureta, imetoka ofisi ya kiwanda. Nilipomaliza, Koko aliuliza inasema nini, nami nikafanya kama nilivyozoea: nikayakamata maneno niliyoyajua. Kulikuwa na jina la tonton, na mbele ya jina kulikuwa na “late”. Kulikuwa na sanduku la bati. Kulikuwa na swali, sanduku lipelekwe kwa nani.

“Tonton Salumu amechelewa,” nilisema. “Sanduku lake wako nalo. Wanauliza walitume kwa nani.”

“Amechelewa,” Koko alirudia, akinitazama. “Lakini iko anakuja?”

Hilo halikuwemo katika barua. Niliitazama karatasi kana kwamba ninalitafuta, nikamwona Koko amefungua mdomo kidogo kama mtu anayengoja kulishwa, nikasema, “Ndiyo, Koko. Anakuja.”

Alicheka. Sikumbuki kumsikia akicheka hivyo kabla ya siku ile. Papa hakucheka. Aliichukua barua, akaikunja mara mbili, akaniambia niandike jibu: jina lake, anwani yake, shukrani. Koko akataka niongeze kwamba tonton aambiwe afanye haraka. Nikaongeza, kwa Kiingereza nilichokuwa nacho, na papa akaitia bahasha mfukoni.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilibadilika. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha magunia na baiskeli mbovu, kilifagiliwa. Koko alimfuga jogoo mwekundu ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Aliwaambia majirani, akawaambia wanawake wa msikitini, na kila aliyepita barazani aliambiwa kwamba Salumu yuko njiani, na kwamba mimi ndiye niliyesoma. Mwishowe akaamua ukuta wa chumba kile ukandikwe upya. Nilimkuta mara nyingi amechafuka udongo hadi viwikoni, akiimba nyimbo za Maniema ambazo mama hakuzijua.

Wiki ya sita, citoyen Bolamba alileta kifungu kipya. Kilimhusu mwanamke mmoja aliyeishi peke yake katika nyumba ya mumewe, na mumewe huyo alikuwa “late”. Swali liliuliza kwa nini mwanamke alikuwa peke yake. Niliandika kwamba mume wake amechelewa kurudi. Mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya wote, si kwa ubaya, ila kwa mshangao, maana sikuwa mtu wa kukosea. Darasa likacheka.

“Hapa si retard, si kuchelewa,” alisema. “Hapa ni feu. Feu son mari. Mutu alishakufa.”

Sikulia. Nilipitisha kichwani barua yote, na safari hii ilisomeka bila taabu, kila neno mahali pake. Kengele ilipolia sikwenda nyumbani. Nilishuka hadi bandarini, nikapita kati ya magunia na wachukuzi, nikamkuta papa mezani kwake. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Nilijua tangu siku ile.”

Nilimwuliza kama kuna mtu aliyemsomea.

“Hapana. Mutu mwenye iko anakuja, hawaulizi sanduku yake ipelekwe kwa nani. Anaibeba yeye mwenyewe.” Akafungua mtoto wa meza, akanionyesha jibu langu, bado limo ndani ya bahasha. Alikuwa amewaandikia wale watu wa kiwanda barua nyingine, kwa Kifaransa.

“Mbona hukusema, papa?”

“Mama yangu alikuwa anacheka,” alisema. “Nikasema nitamwambia kesho. Ikafika kesho, nikasema kesho.”

Tulirudi pamoja kwa miguu. Koko alikuwa ukutani. Papa alimketisha, akamwambia kwa maneno machache. Koko hakupiga kelele. Aliniomba niisome barua tena, “sawa vile iko,” nami nikaisoma, neno kwa neno, kwa Kiswahili, bila kuongeza kitu. Akaomba aonyeshwe neno lenyewe. Niliweka kidole chake juu yake, akakiacha pale kitambo, udongo ukaacha alama kwenye karatasi. Baadaye aliinuka akamaliza ukuta, kwa sababu udongo ulikuwa umeshachanganywa na ungekauka. Kilio kilianza kesho yake.

Aliishi miaka mitatu zaidi, na hakunilaumu hata siku moja. Ila kila aliponikuta na karatasi mkononi, ya shule au ya dawa, aliuliza, “Umesoma, ao umeongeza?”

Sasa mimi ndiye ninayefundisha Kiingereza, katika mji uleule, na wanafunzi wangu huja na simu. Wakilikuta neno gumu, simu huwapa maana zote mbili kabla sijageuka ubaoni, na kosa langu la utotoni kwao ni jambo la kuchekesha tu. Ninafurahi kwamba hawatalirudia. Kosa la neno nimelisamehe zamani; nilikuwa mwanafunzi, na daftari langu lilikuwa na maana moja. Lile “ndiyo” ndilo sijajua niliweke wapi. Halikutokana na Kiingereza. Lilimpa mwanamke mzee wiki sita za kuimba, likamfanya amwomboleze mwanawe mbele ya mtaa mzima uliokuwa ukimngoja mgeni. Nimejaribu kulipima mara nyingi, kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha karatasi ya mwingine, na kila mara naliacha bila alama.