Hereni Alizozitupa Shangazi

Shangazi yangu, fundi cherehani, alimshuku kila mtu. Mteja akisifu gauni, anaulizwa anataka nini. Pini zilihesabiwa asubuhi na jioni. Ila aliyemshuku kuliko wote ni mama yangu, mke wa kaka yake.

Kwa hiyo mama alipompa hereni alizoachiwa na marehemu bibi mzaa mama, shangazi alizinusa kwanza. Nilikasirika. Alizivaa siku nne. Ya tano sikio likaanza kuwaka moto upande wa juu. Ya nane limevimba, halishikiki, miwani haikai. Na bila miwani shangazi hawezi hata kutunga uzi.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" akamwambia mama mbele ya wateja. "Umenipa hereni za sumu, wifi." Akaenda akazitupa chooni. Mama alimshika mkono akampeleka hospitali, shangazi akilalamika njia nzima kwamba anapelekwa kumalizwa.

Daktari alibonyeza ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio. "Hapa panauma?"

"Hapana."

Akagusa juu, shangazi akapiga yowe.

"Hereni hukaa kwenye ndewe, na ndewe yako ni nzima," daktari akasema. "Huku juu ndani kuna gegedu, ule mfupa laini. Kuna kitu kimelichoma, vijidudu vikaingia. Gegedu hulishwa na ngozi. Usaha ukijaa katikati, linakufa. Itabidi nipasue, nitoe usaha na kilichooza."

Kisha akatazama kilemba. Pembeni, juu ya sikio lile lile, ilichomekwa sindano, kama shangazi alivyozoea miaka thelathini. "Na hii?"

Shangazi akaichomoa, akaifumbata.

Alipasuliwa, gegedu bovu likakatwa, chachi ikashonewa mbele na nyuma ili ngozi ishikane. Sikio lilipona likiwa limejikunja, na kila akiinama miwani inaanguka. Cherehani ikafunikwa. Nakiri, nilisema moyoni: haki yake.

Mama hakusema hivyo. Alikuja dukani na utepe, akaushonea kwenye miwani ili ifungwe nyuma ya kichwa. Shangazi aliugeuzageuza, akakagua mshono mmoja baada ya mwingine, nami nikajua anatafuta kosa. Mara akavua kilemba, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu, akampa mama kisogo.

"Nifunge, wifi," akasema. "Zile hereni nilirudi kuzitafuta. Sikuziona."