Mabata Kumi na Saba ya Mbeleko

Kitenge cha zamani kikinyunyiziwa maji na kupigwa pasi ya mkaa kinatoa harufu ambayo sijui niielezee vipi. Ndani yake kuna vumbi, kuna sabuni ya mche, kuna moshi wa jikoni, na chini kabisa kuna jasho la mtu aliyekivaa. Vitenge vipya wanavyoniletea hapa sokoni Kashaulili, ninaposhonea, havina harufu hiyo. Lakini mara moja moja anakuja mama na kitenge kilichochakaa, ananiomba nikitengenezee shuka la viraka, na pasi ikigusa tu, mimi siko Kashaulili tena. Niko Litapunga, nina miaka tisa, na mama yangu anakufa.

Ugonjwa wake haukuwa na jina. Mdogo wangu Diodone, tuliyemwita Dio, alifariki kwa homa mwanzoni mwa mvua, akiwa na miezi kumi na saba. Alizikwa amefungwa nusu ya mbeleko yake. Nusu nyingine mama aliing'ang'ania, akajilaza nayo mkekani, akageuzia uso ukutani. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakarudi makwao. Mama alibaki palepale. Uji wake ulipoa mpaka ukashika utando, nikawa nauchukua na kuwamwagia kuku. Kuku wetu walinenepa sana mwezi ule, nami niliwachukia. Kwenye zahanati walisema hana malaria, kinachotakiwa ale tu, kana kwamba sisi hilo hatukulijua.

Jioni moja nilimsikia baba akimwambia jirani, "Mama Goreti anamfuata mtoto." Goreti ndiye mimi. Nilikaa nyuma ya nyumba nikijiuliza kama mimi si mtoto vilevile, na kama nilikuwa mtoto, kwa nini asinifuate mimi niliye hai. Sikumwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza.

Baba akaagiza dada yake aje kutoka Kibaoni. Kwetu, watu wenye asili ya Burundi, dada wa baba tunamwita masenge. Masenge Leokadia alifika na bodaboda, cherehani yake ya mkono ameipakata kama mgonjwa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nene, asiyejua kunong'ona hata kanisani. Ujanani masista walimfundisha kushona mashuka ya viraka, na kati ya mapambo yote alilipenda moja tu, la mabata warukao: pembetatu kubwa katikati, hiyo ni bata, na pembetatu mbili ndogo ubavuni, hizo ni mbingu.

Alianza kunifundisha siku ileile, pale chumbani kwa mama, kwa vipande vya kitambaa cheupe cha marekani. Bata mmoja anataka mstatili mmoja na miraba miwili. Mraba unauchora mstari wa chaki kutoka pembe hadi pembe, unaulaza kwenye mwisho wa mstatili, halafu unashona unywele mmoja pembeni ya mstari, upande wa pembe utakayoikata, maana kitambaa kikikunjwa nacho kinakula nafasi. Unakunjua, unaondoa ziada, unapiga pasi kwa kuikandamiza na kuinyanyua. Ukiisugua, upande wa mshazari unavutika na bata anapinda shingo. Juu ya ncha lazima ibaki robo inchi kwa ajili ya mshono unaofuata. Ukiimega hiyo, bata anakatika kichwa.

"Huyu keshachinjwa," Masenge alisema alipoona jaribio langu la kwanza, pini zimemjaa mdomoni. "Mpeleke jikoni."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, nikaziba mdomo kwa aibu. Ndipo sauti ikatoka mkekani, kavu, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema.

"Wanaruka kwenda wapi?"

Masenge aliacha kuzungusha cherehani. "Unakotaka wewe, wifi."

Mama hakugeuka, ila mkono wake ulikuja nyuma polepole ukiwa na ile mbeleko. "Wawe kumi na saba," akasema. Kisha akakubali vijiko vitatu vya uji. Baba alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniambia shuka likiisha mama ataamka. Nililiamini neno hilo kuliko nilivyoamini katekisimu.

Lakini shuka halikuanza. Siku ya kwanza Masenge alisema chaki imekwisha. Siku ya pili mkaa una maji. Siku ya tatu alikata miraba yote ya mbingu, inchi nne na nusu kila upande, akanoa mkasi, akatandaza mbeleko na kuzungushia chaki sehemu zilizotoboka. Kitambaa kizima kilichobaki kilitosha mistatili kumi na saba kwa kubanana, kila mmoja inchi nane na nusu kwa nne na nusu. Aliikunja mbeleko, akaikunjua, akaikunja tena. "Kesho," akasema. Usiku ule mama hakula.

Asubuhi Masenge akasema anakwenda kisimani. Mkasi ulikuwa juu ya mbeleko, futi kamba pembeni. Mama alikuwa amesinzia, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani hata nikayaona meno kupitia ngozi. Nikaona siwezi kungoja kesho nyingine. Nikaikunja mbeleko tabaka nne kama nilivyomwona Masenge, nikazikwepa sehemu za chaki, nikapima, nikakata. Mkasi ulikuwa mkali. Kwa mikato michache tu kazi ilikuwa imekwisha, mistatili kumi na saba, kingo zimenyooka, nami nikajipongeza.

Masenge aliporudi alisimama mlangoni. Akaja, akachukua mraba mmoja wa mbingu na kuulaza juu ya mstatili wangu. Ulining'inia nje kwa inchi nzima.

"Ulianza kupimia wapi?"

Nilimwonyesha mwanzo wa futi. Akaugeuza kwangu, nikaona kilichokuwa pale siku zote: inchi ya kwanza ilikuwa imekatika zamani, kamba inaanzia kwenye moja. Mwenyewe alikuwa anaongeza inchi kichwani kila akipima, na mazoea yalimfanya asahau kuniambia. Nilichodhani ni nane na nusu kilikuwa saba na nusu. Nne na nusu ilikuwa tatu na nusu.

Mama alikuwa ameamka. Aliona vile vipande, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine, hata siku ya mazishi yenyewe hakulia vile. Jirani walikuja mbio wakidhani kuna msiba mwingine.

Nilikimbilia kwenye bani, banda letu la kukaushia tumbaku, nikajibanza kwenye kona. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemmwaga mama. Nilimwomba Mungu anichukue mimi, kisha nikaogopa asije akanisikia, kisha nikaona aibu ya kuogopa. Yowe lilifika hata kule. Halafu likanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilijua maana yake. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba nimemuua.

Baba alinitoa huko jua limeshapita utosini. Nilikataa kuingia ndani, akanibeba. Mama alikuwa amekaa. Amekaa kabisa, mgongo ukutani, nywele zimetimka, uso umevimba kwa kulia. Masenge alikuwa sakafuni akipunguza urefu wa mistatili hadi inchi sita na nusu, na kuikata upya miraba ya mbingu, sasa inchi tatu na nusu.

"Itaingia sawasawa, wifi," alikuwa akisema. "Ila mabata watakuwa wadogo."

Mama aligusa vile vipande. "Na yeye alikuwa mdogo," akasema. Akanyoosha mkono akaomba sindano.

Hakupona siku ile, nisiwadanganye. Kuna asubuhi nyingi baadaye uji ulirudi kwa kuku. Lakini aliendelea kukaa, bata baada ya bata, na mvua zilipokatika alikuwa anakwenda shambani. Mimi niliendelea na mzigo wangu. Kila nilipoliona lile shuka kitandani kwake nilisikia yowe. Niliolewa na yowe hilo, nikazaa nalo, nikaja nalo mjini.

Mwaka juzi nilikwenda Kibaoni kumwona Masenge, macho yake yamefifia, nikamwomba radhi kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kunidai.

"Inchi moja ndiyo impigishe mtu yowe lile?" akasema. "Mama yako angelia vile hata ungekata sawasawa. Ile nusu ya mbeleko ilikuwa bado haijaguswa, kwa hiyo mtoto alikuwa bado mgongoni. Ilibidi ikatwe. Mimi nilinoa mkasi, mkono ukakataa."

Nikamuuliza, kwa hasira ambayo hata mimi ilinishtua, kwa nini basi aliniacha miaka yote hiyo nikijiona muuaji. Alipojibu ilibidi niinamishe sikio, maana alinong'ona.

"Niliona haya, Goreti. Mkasi niliuacha pale makusudi. Kisimani nilikwenda bila ndoo."

Sijui kama nimemsamehe. Nimeelewa tu kwamba watu wazima nao hufika mahali wakaogopa kitambaa, wakamwachia mtoto. Mama yangu yu hai, na anaamini mpaka leo kwamba mkato ule ulikuwa kosa langu la kitoto. Nimemwacha aamini hivyo.