Spana Alivyosema Amechoka

Walimwita Spana tangu mwaka wa pili wa uhandisi, kwa sababu hakuwa akitembea bila spana mfukoni. Mwaka huohuo bibi yake aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya kupata kiharusi, akapewa kiti cha magurudumu kisicho na pa kuwekea miguu. Spana alipokwenda kulalamika, mtunza stoo alimpeleka nyuma ya jengo la kufulia, akamwonyesha lundo la viti vibovu, majani yameota hadi kwenye mikono ya viti hivyo.

"Chagua mwenyewe, binti yangu," akasema. "Vikishafika hapa, vimekufa."

Kazi ilianzia hapo. Yeye na mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu asiyeishiwa maneno, waliomba hospitali iwape chumba cha zamani cha kupigia pasi. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Walifungua beringi, wakasugua kutu kwa mafuta ya taa, wakashonea turubai jipya pale palipochanika. Hadi wanahitimu, viti sitini vilikuwa vimerudi barabarani.

Baada ya mahafali, mwenzake akapata kazi nje ya nchi. Aliahidi kupiga simu kila wiki. Alipiga mbili.

Spana akabaki peke yake. Asubuhi alifundisha hisabati sekondari, mchana aliingia kile chumba cha pasi na kujipaka grisi hadi viwiko. Viti havikwisha. Kilichotoka mwezi wa kwanza kilirudi mwezi wa nne, maana barabara zilikuwa mashimo matupu na magurudumu ya mbele ni madogo. Watu walimfuata akila, akioga, hata akiwa msibani. Hakuweza kuwakatalia, na polepole akaanza kuwachukia kwa sababu hiyo. Jambo hilo lilimtia aibu, hakumwambia mtu.

Mama yake aliliona tu. "Siku hizi unajibu watu kama mlinzi wa geti."

"Nimechoka, mama."

"Basi pumzika."

"Nikipumzika, yule kinyozi wa kona atatokaje ndani kwake?"

Mama akamsogezea chai.

Ndipo barua ikaja. Chuo kilitaka kuwatunuku wahitimu sita vijana walioanzisha miradi ya kusaidia watu: mmoja alikuwa amechimba visima, mwingine alikuwa amefungua maktaba katika wodi ya watoto, na Spana alikuwa miongoni mwao. Aliazima koti la shangazi yake. Alisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka ikawasha, lakini weusi wa kwenye kucha ulikataa kutoka.

Ukumbini, mkuu wa chuo alimsifu kwa sauti nzito: "Binti asiyejua kuchoka!" Akampa ngao ya kioo, kisha kipaza sauti, aseme mawili matatu. Hotuba ya shukrani ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa vizuri. Hakuitoa.

"Nimechoka," akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akadhani hawakumsikia.

"Kweli jamani. Nimechoka."

Wakacheka zaidi, wakapiga makofi. Mpiga picha akamwomba ainue ngao juu kidogo. Akainua, akatabasamu, akarudi kukaa.

Mtu mmoja hakucheka. Kando ya safu za viti, kwenye kiti chake cha magurudumu, alikuwepo mshonaji ambaye Spana mwenyewe alimwalika. Watu walimwita Mama Cherehani. Gari lilimgonga zamani, na hicho kilikuwa kiti chake cha tatu kutengenezwa na Spana.

Jumatatu Spana alikuta viti kumi na kimoja mlangoni, vimeletwa na watu waliosikia habari zake redioni. Akageuza ndoo, akaikalia, hakufungua. Mama Cherehani akamkuta hapohapo.

"Nipe ufunguo," akasema.

"Wa nini, mama?"

"Naishi ndani ya kitu hiki tangu wewe uko darasa la nne. Unadhani sijui kinaumwa wapi?"

"Na kuchomelea vyuma?"

"Nitajifunza. Cherehani ya umeme nayo niliiogopa kama nyoka."

Spana akalia, kamasi zikamtoka. "Sikutaka kuwasumbua."

"Ndilo kosa lako, mwanangu. Ulitutengenezea viti, hukutuuliza kama tuna mikono."

Mafunzo yalichukua miezi miwili, na waligombana sana, hasa kuhusu breki. Mama Cherehani alileta wenzake wawili, nao watumiaji wa viti. Kazi ilipungua kasi. Kiti cha siku mbili sasa kilichukua wiki, na kimoja kilitoka gurudumu likiwa limeinama kidogo. Spana alijizuia asikirekebishe mwenyewe. Mwisho wa muhula aliacha kufundisha, akaajiriwa katika kiwanda cha pampu za maji, mji mwingine. Uchovu ulimfuata huko. Jumapili ya kwanza alilala hadi adhuhuri, akaamka akiwa mzito vilevile.

Baada ya miezi mitatu alirudi Jumamosi moja bila kumwambia mtu. Nje ya chumba palikuwa na benchi jipya na foleni fupi. Mwanamke ambaye Spana hakumjua, mikono imejaa grisi, akasogeza kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni.

"Karibu, dada. Umeleta kiti gani?"

"Sijaleta kitu."

"Basi kaa hapo, utahudumiwa."

Spana akakaa. Ndani alisikia nyundo, na Mama Cherehani akimfokea mtu kuhusu skrubu. Alitaka kuingia kusalimia. Kabla hajainuka, usingizi ukamchukua, kichwa kikaegemea ukuta.