Kekee za Mama na Kipande cha Sabuni

Nachukia bangili nyembamba za fedha, na nimezivaa miaka thelathini. Naanza na hilo ili msomaji asije akanionea huruma mapema.

Mama yangu alivaa kekee mbili, moja kila mkono: bangili za fedha pana kama vidole vitatu, nzito, zisizo na kifungo wala mwanya. Shangazi yake alimvisha kwa sabuni siku ya harusi, Tanga, na hazikuvuliwa tena. Alipika nazo, alifua nazo, alitupiga nazo. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na mimi ndiye niliyezivua, kwa sabuni vilevile, nikisukuma polepole kana kwamba ningemuumiza. Chini yake ngozi ilikuwa angavu na laini, ngozi ya msichana.

Nikarudi nazo Johannesburg, nyumbani Troyeville, nikazitia ndani ya soksi, na soksi nikaisukuma nyuma ya mablanketi. Mtu akiniuliza kwa nini sizivai, nilisema wezi. Katika mji huu hakuna anayekuuliza swali la pili baada ya hapo.

Binti yangu alipopata mchumba, nilizitoa. Wiki mbili kabla ya harusi nikazipeleka kwa sonara azisafishe. Ni Mkongo wa Bukavu mwenye kibanda cha vioo katika jengo la maduka karibu na Hillbrow, mtu mpole, hutengeneza saa pia. Nilipanga kumvisha binti yangu mwenyewe, kwa sabuni, mbele ya mawifi zangu wote. Nilikuwa nimeshatunga hotuba fupi kichwani, na sisi tuliosoma chuo kikuu, hotuba zetu fupi ni adhabu.

Siku ya tatu sonara akapiga simu.

"Mama, mutoto wako ameniandikia. Anasema niyeyushe zote mbili, nimutolee bangili kumi na nne, nyembamba-nyembamba. Nikasema hapana, acha kwanza niulize mama."

"Usiguse kitu!"

"Sijagusa, mama. Nimewasha moto, lakini ni wa kazi ya mutu mwingine."

Niliendesha gari huku nikitukana kila taksi iliyonipita, na zile ambazo hazikunipita nazo nikazitukana. Nilipofika, binti yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Sonara, kwa uadilifu wake, alikuwa amempigia na yeye. Kekee zilikuwa mezani kati yao, zimeng'aa kuliko nilivyowahi kuziona.

"Umethubutu," nikasema.

"Mama, ulisema ni zangu."

"Nilisema utazivaa!"

"Nimezijaribu. Siwezi hata kuandika kwenye kompyuta. Ni kama kuvaa bomba la maji." Yeye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, namfasiria hapa, bila kumpendelea. "Nataka kitu ninachoweza kuvaa kila siku. Chepesi. Kinachocheza mkononi."

"Kinachocheza! Bibi yako hakuvaa fedha ili icheze!"

"Eish, Mama. Wewe je, hivyo ulivyovaa ni nini?"

Sonara akautazama mkono wangu. Nilikuwa na vikuku vitatu, vyembamba kama waya wa kufungia mfuko wa mkate.

"Nazijua kekee hizi tangu niko shule," binti yangu akaendelea. "Nilikuwa nazitoa kwenye soksi ukiwa kazini, najitazama kwenye kioo. Bibi alizivaa. Wewe umezificha. Mimi nataka kuzivaa. Nani kati yetu anafanana na Bibi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda kweli, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo yeye halijui.

Nilipohitimu chuo hapa Johannesburg, Mama alisafiri kuja. Nilikuwa na marafiki wapya, wenye pete kama nyuzi na sauti za chini, watu wa vitu vidogo vya gharama. Mama aliniona na kikuku changu cha kwanza chembamba, akauliza, "Hicho umefungwa na daktari?" Sikucheka. Tukiwa mlangoni mwa ukumbi nilimwomba ashushe mikono ya gauni lake izifunike kekee. Nilimwambia kuna wezi. Ndani ya ukumbi wa chuo kikuu, kati ya maprofesa, wezi! Alinitazama kidogo, akashusha mikono ya gauni. Siku nzima alitembea akiwa ameikunja vidoleni isipande. Katika picha zote anaonekana kama mtu anayeona baridi.

Nimewahi kuandika makala ndefu za kuwalaumu watu wanaoionea haya asili yao. Zilisifiwa sana.

"Lete sabuni," nikamwambia sonara.

"Mama?"

"Sabuni!"

Sonara yeyote ana sabuni ya kuvulia pete za watu walionenepa. Akaleta kipande na beseni. Nikavua vile vikuku vitatu nikavitupa mezani, nikachukua kekee moja nikaanza kusukuma. Mkono wangu si wa bibi harusi. Ilikwama kwenye fundo la kidole gumba, ngozi ikajikunja, machozi yakanitoka. Binti yangu alisimama.

"Mama, acha, utavunjika."

"Nyamaza."

Sonara aliushika mkono wangu, akakunja kidole gumba kuelekea kiganjani, akasema "Pole, mama," akasukuma mara moja. Ikapita.

Nilimgeukia binti yangu. "Ile nyingine ni yako. Yeyusha. Toa saba, toa sabini, sitaki kuulizwa. Hii utaivua mwenyewe, siku yangu ikifika, kwa sabuni."

Niliondoka nikiwa bado nimekasirika. Na hata sasa, wakati kekee inagonga meza kila nikiandika mstari, hasira haijaisha.

Njiani roboti, kama waitavyo hapa taa za barabarani, ilikuwa nyekundu na mtu akasogea dirishani. Mkono ulikuwa umevimba, unapwita. Nilikuwa nimeshaanza kuushusha mapajani, kwa mazoea. Nikaurudisha juu ya usukani, na mkono wa gauni nikauacha ulivyo.